Mwongozo Kamili wa Jiko la Nyama Choma: Usafi, Kinga ya Moto na Bima Itakayolipa

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye jiko la kuchomea nyama uani kwake, kwenye kibanda cha mishkaki au kwenye baa yenye banda la makuti, awe anatumia mkaa au gesi. Makosa yanayorudiwa ni yale yale matatu. Mtu husugua wavu mpaka ukang'aa, lakini huacha mafuta ya wiki tatu yakiwa yameganda kwenye sakafu ya jiko. Humwaga majivu jalalani yakiwa bado na makaa hai ndani yake. Na moto ukishatokea, huenda kudai fidia akiwa na bima ya nyumba ya kuishi, ilhali moto umeanzia kwenye biashara ambayo kampuni ya bima haikuwahi kuambiwa kuwa ipo.

Usafi na bima vimewekwa hapa pamoja kwa makusudi, kwa sababu mtathmini wa hasara anapofika kwenye mabaki ya moto huuliza maswali ambayo majibu yake hupatikana katika hatua za usafi: jiko lilikuwa wapi, lilikaguliwa lini, mpira wa gesi ulinunuliwa lini, na nani alilizima usiku ule.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Ndoo mbili za bati, moja ikiwa na mfuniko unaoziba vizuri kwa ajili ya majivu, nyingine ya mchanga mkavu.
- Kikwangulio cha chuma, au mwiko wa fundi muashi uliochakaa.
- Stilwaya, sabuni ya maji, maji ya moto na magazeti ya zamani.
- Mafuta ya kupikia kidogo na kitambaa cha pamba.
- Tochi na bisibisi bapa.
- Glavu nene za ngozi na koleo lenye mpini mrefu.
- Kizimia moto cha unga mkavu na blanketi la kuzimia moto.
- Daftari moja, kalamu, na bahasha ya kutunzia risiti.

Daftari si pambo. Utaliona tena kwenye hatua za bima.

## Hatua ya 1: Liache jiko lipoe, kisha ulifungue lote

Usianze kazi usiku ule ule uliochoma nyama. Majivu huhifadhi joto, na kaa lililofunikwa na majivu hupata hewa kidogo tu, kiasi cha kutowaka na kiasi cha kutokufa, hivyo laweza kubaki hai kwa saa nyingi na mara nyingine likapitisha siku nzima. Subiri mpaka asubuhi, kisha pitisha kiganja juu ya majivu bila kuyagusa. Ukisikia vuguvugu, bado.

Kwa jiko la gesi, funga valvu ya mtungi, tenga regulata, na usogeze mtungi mbali na mahali utakapofanyia kazi. Toa wavu, sinia la mafuta na kila kipande kinachotoka.

## Hatua ya 2: Ondoa majivu kabla ya kugusa wavu

Wengi huanza na wavu kwa sababu ndio unaoonwa na mteja. Anza na majivu. Majivu ya mkaa yana magadi, nayo hunyonya unyevu wa hewa. Yakishalowana hukaa juu ya bati kama dawa kali na kulila polepole. Kwa walio Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar, chumvi ya bahari huongeza kasi hiyo, na jiko la pipa ambalo lingedumu miaka mingi bara hutoboka mapema pwani kwa kosa hili tu.

Chota majivu uyatie kwenye ndoo ya bati, mimina maji kidogo kidogo ukiwa umesimama pembeni ili mvuke usikupige usoni, koroga, kisha ufunike. Iache ndoo siku mbili mahali pa wazi, mbali na ukuta, uzio wa makuti au gari. Usitumie ndoo ya plastiki, boksi wala kiroba, hata kama majivu yanaonekana meupe na baridi.

Nilijifunza hili kwa hasara yangu mwenyewe. Nilimwaga majivu ya jana nyuma ya ua saa mbili usiku, na saa tisa jirani akanigongea kuniambia kuwa uzio unawaka. Kaa moja dogo lilitosha.

Umefaulu ikiwa majivu ya siku ya pili ni uji wa kijivu usio na joto hata ukiuchimbua mpaka chini.

## Hatua ya 3: Kwangua mafuta kwenye sakafu ya jiko

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayozaa moto mkubwa. Nyama ya mbuzi yenye mafuta, na zaidi ya hiyo kitimoto, hudondosha mafuta muda wote wa kuchomwa. Mengine huungua papo hapo, lakini mengine huteremka pembeni, hujipenyeza chini ya majivu na kuganda. Siku utakayoweka mkaa mwingi kuliko kawaida, tabaka hilo hupata joto la kutosha, huanza kutoa moshi mzito mweupe, kisha hushika moto wote kwa pamoja. Ndimi za moto za namna hiyo hupanda juu ya kimo cha mtu, na kama juu kuna makuti, hapana nafasi ya pili.

Kwangua sakafu, kuta za ndani na kona zote mpaka ufike kwenye chuma. Yale mabonge meusi yafunge kwenye gazeti uyatupe pamoja na taka. Usiyapeleke kwenye bomba la maji machafu, maana yataganda humo na kuziba. Kisha mimina maji ya moto yenye sabuni, sugua kwa stilwaya, suuza, na uache jiko likauke juani.

Likishakauka, jiko la pipa liwekee mchanga mkavu wenye unene wa sentimita 2 au 3 chini ya mahali pa mkaa. Mchanga hufanya kazi mbili: huzuia joto lisitoboe bati, na hunywa mafuta yanayodondoka. Ila mchanga ulioshiba mafuta ni hatari ile ile iliyovaa nguo nyingine, hivyo ubadilishe mara tu unapoanza kushikana na kunuka.

Jipime kwa karatasi nyeupe. Ipitishe kwenye kuta za ndani; ikichafuka kwa masizi makavu si neno, lakini ikitoka na doa linalong'aa la mafuta, rudia.

Mara ngapi? Kwa jiko la nyumbani, kila baada ya mikesha miwili au mitatu ya kuchoma. Kwa biashara inayochoma kila jioni, kila asubuhi kwa sinia la mafuta na mara moja kwa wiki kwa jiko zima. Andika tarehe kwenye daftari.

## Hatua ya 4: Safisha na kulainisha wavu

Wavu husafishika vizuri ukiwa na vuguvugu. Brashi ya waya inafanya kazi haraka, lakini nyuzi zake hukatika, hubaki kwenye wavu, huingia kwenye nyama na kumchoma mlaji kooni au tumboni. Mimi nimeiacha kabisa. Tumia kikwangulio, kisha nusu ya kitunguu kilichochomekwa kwenye uma ukisugua wavu ukiwa wa moto, na umalizie kwa kitambaa kilicholoweshwa.

Paka mafuta ya kupikia kwa kitambaa, tabaka jembamba sana, kisha upashe wavu moto mpaka mafuta yaache kutoa moshi. Ngozi nyeusi laini inayobaki huzuia kutu na kunata.

Angalia pia wavu wako umetengenezwa kwa nini. Mafundi wengine hutumia waya wa uzio uliopakwa zinki. Zinki huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 420 za Selsiasi, nalo kaa la moto linapita hapo kwa mbali, na mvuke wake ukivutwa huleta homa na maumivu ya kifua. Mwambie fundi atumie nondo nyembamba za chuma kitupu au chuma cha pua.

## Hatua ya 5: Kagua mwili wa jiko

Subiri giza liingie, washa tochi ndani ya jiko na uzunguke nje. Kila nukta ya mwanga ni tundu ambalo kaa au tone la mafuta yanayowaka litapitia. Kisha bonyeza bati kwa ncha ya bisibisi, hasa sakafuni na kwenye viungo vya miguu. Likibonyea, limekwisha, na kulipaka rangi hakutalirudisha. Tikisa jiko likiwa na uzito wake wote: lisiyumbe.

Ukinunua jiko lililotengenezwa kwa pipa, uliza pipa lilibeba nini. La mafuta ya kula linafaa likishachomwa likiwa tupu na kukwanguliwa rangi. La kemikali au dawa za kilimo liache.

## Hatua ya 6: Kwa wenye jiko la gesi

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikapotea. Hutambaa chini, hukusanyika kwenye shimo, kwenye mfereji au chini ya kaunta, na kungoja cheche. Ndiyo maana mtungi haukai kwenye chumba cha chini wala karibu na mdomo wa mfereji, na ndiyo maana husimama wima daima.

Kila unapobadilisha mtungi, fungua valvu bila kuwasha jiko, kisha paka povu la sabuni kwenye kiungo cha regulata, kwenye mpira mzima na kwenye kilipu zake. Mapovu yakikua, gesi inavuja: funga, kaza, pima tena. Usijaribu kwa kiberiti hata mara moja, ingawa utawaona wauzaji wakifanya hivyo mbele yako. Mpira uliopasuka ngozi, uliokakamaa au uliolambwa na moto haufungwi kwa selotepu. Hununuliwa mwingine, na risiti yake huingia kwenye bahasha.

Mwali mzuri ni wa buluu. Mwali wa manjano unaorukaruka una maana kwamba hewa haichanganyiki vizuri, na mara nyingi sababu ni buibui aliyejenga ndani ya bomba la kichomeo wakati jiko limekaa bila kazi. Zibua matundu kwa waya mwembamba. Wakati wa kuwasha, mfuniko wa jiko uwe wazi.

Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, ondoa watu, na usiguse swichi ya taa, si kuwasha wala kuzima.

## Hatua ya 7: Chagua mahali na uusome upepo

Weka jiko umbali usiopungua mita 3 kutoka ukutani, kwenye uzio, kwenye pazia au kwenye mitungi ya akiba. Chini ya makuti, au karibu nayo upande ambao upepo unaelekea, hapafai kwa umbali wowote wa kawaida, kwa kuwa cheche husafiri. Kwenye mwambao, kusi likivuma katikati ya mwaka, cheche zinakwenda kaskazini. Kaskazi likiingia mwishoni mwa mwaka, zinageuka. Mahali palipokuwa salama mwezi wa Julai huenda pakawa pabaya mwezi wa Januari, na jiko lenye miguu imara husogezwa.

Usiingize jiko la mkaa ndani ya chumba au banda lililofungwa ili kukimbia mvua. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua mtu akidhani anasinzia.

## Hatua ya 8: Washa na zima kwa utaratibu

Mkaa huwashwa kwa karatasi, vijiti na vifuu vya nazi, ukivipanga chini na mkaa juu yake. Petroli haitumiki kabisa. Mafuta ya taa au spiriti visimiminwe juu ya mkaa ambao tayari una moto, hata kama unaonekana umezima, kwa sababu mwali hupanda na mkondo wa mafuta mpaka kwenye chupa iliyo mkononi.

Wakati wa kuchoma, asiwepo mtu mmoja tu anayechoma, anayehudumia wateja na anayefuata bia. Jiko linalowaka lina mtu wake. Kanga zinazoning'inia na mikono mipana ya dira hufungwa. Ukimaliza, funika jiko na uzibe matundu ya hewa. Jiko lisilo na mfuniko limwagie mchanga.

## Hatua ya 9: Moto ukitoka nje ya jiko

Usimwage maji kwenye mafuta yanayowaka. Maji hugeuka mvuke unaochukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya yale maji yenyewe, na mlipuko huo huyatawanya mafuta yakiwa na moto wake. Ondoa nyama kwa koleo kama unaweza, funika jiko, ziba hewa, mwaga mchanga. Kwa gesi, funga mtungi kwanza ikiwa mkono unafika bila kupita kwenye moto.

Kizimia moto kikae upande wa kutokea. Kikiwa nyuma ya jiko hakisaidii, maana hutaweza kukifikia. Vuta pini, elekeza mdomo chini ya moto, minya, na uzungushe kushoto na kulia. Angalia kila mwezi kama mshale wa kipimo uko kwenye kijani. Kizimia moto cha kawaida kinaisha kwa sekunde chache, kwa hiyo moto ukishapanda kwenye paa, toka na upige simu. Nchini Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114. Nchini Kenya, piga 999 au 112.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai, asali na unga havipakwi.

## Hatua ya 10: Kata bima inayolingana na jiko lako

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha zao, hivyo tusiende haraka.

Taja matumizi halisi. Bima ya nyumba ya kuishi huandikwa kwa nyumba ya kuishi. Ukianza kuuza nyama choma barazani, hatari imebadilika, na mkataba wa bima hudai uaminifu wa hali ya juu: unatakiwa kueleza jambo lolote ambalo lingemfanya mwenye kampuni apandishe ada au akatae. Paa la makuti ni jambo la namna hiyo. Litapandisha ada, na kampuni nyingine hazitalipokea. Lakini kulificha ni kulipa ada ya kitu ambacho hakitakulipa.

Soma kinachoachwa. Bima ya moto ya kawaida hailipi kitu kilichoharibika kwa sababu chenyewe kiliwekwa makusudi kwenye joto. Jiko lililotoboka kwa moto wake, au nyama iliyoungua, havilipwi. Moto ukiruka kutoka jikoni ukaunguza kaunta na friji, hivyo hulipwa. Mlipuko wa gesi ya matumizi ya nyumbani kwa kawaida umo, ila wa mtungi wa biashara mara nyingi huongezwa kwa nyongeza ya mkataba. Uliza swali hilo kwa maandishi na utunze jibu.

Thamani iwe kamili. Watu hupunguza thamani ili ada ishuke. Chukua mfano: mali yako ina thamani ya shilingi milioni 20, nawe umeikatia bima ya milioni 10. Moto unaunguza vitu vya milioni 4. Kwa kanuni ya wastani iliyomo kwenye mikataba mingi, kampuni itasema ulijikatia nusu, hivyo itakulipa nusu ya hasara, yaani milioni 2, na bado itakata humo kile kiasi cha kwanza ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe.

Watu wengine. Mteja akiungua, bima ya moto haimhusu. Hiyo ni kazi ya bima ya dhima kwa umma. Mfanyakazi wa Tanzania Bara huhusika na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri huuchangia. Na mpangaji asidhani bima ya mwenye nyumba inamlinda: ile inalinda jengo, viti na friji lako ni juu yako.

Kabla ya kulipa, hakikisha kampuni, wakala au dalali amesajiliwa na mamlaka ya kusimamia bima, yaani TIRA kwa Tanzania, au IRA kwa Kenya. Lipa kwa njia inayoacha risiti, na usihesabu kuwa una bima kabla ada haijapokelewa. Kama jengo ni la biashara, tunza pia cheti cha ukaguzi wa zimamoto pamoja na mkataba.

## Hatua ya 11: Kudai fidia

Toa taarifa siku hiyo hiyo kwa simu, kisha kwa maandishi. Mikataba huweka muda, na kuchelewa ni sababu rahisi ya kukataliwa. Pata taarifa ya polisi na ya zimamoto.

Usisafishe eneo kabla mtathmini hajafika, hata kama majirani wenye huruma wamekuja na mafagio. Unachoruhusiwa, na unachotakiwa, ni kuzuia hasara isiongezeke: kuhamisha vilivyosalimika na kufunika paa dhidi ya mvua. Piga picha kabla ya kuhamisha chochote.

Kisha toa daftari na bahasha ya risiti. Tarehe za kukwangua mafuta, kubadilisha mpira na kukagua kizimia moto ndizo zinazojibu dai la kwamba ulikuwa mzembe. Orodhesha vilivyoungua kimoja kimoja kwa bei na mwaka wa kununua, na usiongeze hata kiti kimoja, kwa sababu uongo mdogo unaweza kulifuta dai zima.

Wakikataa, omba sababu kwa maandishi pamoja na kifungu cha mkataba wanachokitegemea. Kwa Tanzania, ukiwa na barua hiyo unaweza kupeleka lalamiko TIRA au kwenye Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO. Usikubali kukataliwa kwa mdomo tu, na usisaini hati ya kupokea malipo pungufu kabla hujasoma kama ina maneno kwamba hutadai tena.